Loki za Mkanda wa Besi

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi ya kwaya kama kawaida. Baridi ya Uyole imeingia mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Vidole vyangu leo vilikuwa kama vya mtu mwingine. Tumerudia ule wimbo wa Kalenga hadi watu wakaanza kukaa chini bila kuruhusiwa. Mwezi ujao tumealikwa huko, nje kidogo ya Iringa mjini, kwenye uzinduzi wa kanisa jipya. Obadia, mwalimu wetu wa kwaya, anataka miondoko yote iende pamoja. Sauti ya pili wainame, wainuke, wageuke.

Mkanda wa besi umechomoka tena. Tundu la ngozi limepanuka, halikishiki tena kifungo, kile kichuma cha mviringo kilichofungwa kwa skrubu kwenye ubao wa gitaa. Leo nililidaka gitaa kwa goti. Nimekata kipande kingine cha tyubu ya baiskeli, nikakitoboa katikati, nikakipachika juu ya kifungo ili kiuzuie mkanda. Tyubu yenyewe imekauka. Nimemwambia Obadia tena kwamba tunahitaji loki za mkanda, vile vichuma vya kuufunga mkanda kwenye kifungo usichomoke. Amesema tutaangalia baada ya Kalenga.

Edina, anayesimama kushoto kwangu, alicheka. "Kaka Lusajo, hiyo besi ina mapepo. Iombeeni." Leo alikuwa na furaha sana. Madereva wenzake wa bajaji pale kijiweni Kabwe wamemchagua awe katibu wao. Yeye ndiye mwanamke pekee.

Miguu inauma. Nalala.

Jumapili, 9 Juni

Siwezi kuandika vizuri.

Ibada ya pili. Ubeti wa tatu. Sauti ya pili waliinama. Nikasikia wepesi begani. Wepesi tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mkanda ulichomoka upande wa mbele, shingo ya gitaa ikaenda chini. Edina alikuwa anainuka. Vikakutana.

Kimoja cha vile vifunguo vya kukazia nyuzi kiliingia kwenye jicho lake la kulia.

Hakupiga kelele. Alisema "aa", kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Halafu akakaa chini. Spika ikaendelea kuvuma mpaka mtu akachomoa waya.

Kuna damu kwenye joho langu. Tumpe, mke wangu, ameliloweka kwenye beseni. Nilimwambia aliache. Hakuuliza kwa nini, na mimi sijui.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali ya rufaa tangu asubuhi. Wamemfanyia upasuaji. Daktari alisema wameshona kilichoweza kushonwa, tusubiri.

Simioni, mume wake, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Bado alikuwa na buti za shamba. Nilimsogelea nikamwambia pole. Akanitazama mikono, si uso. Akasema, "Ulikuwa umeshika nini kama hukulishika gitaa?"

Mkono mmoja ulikuwa kwenye nyuzi, mwingine shingoni. Ndivyo besi inavyopigwa. Uzito wote uko kwenye mkanda. Hayo huwezi kumwambia mtu ambaye mkewe yuko kwa wapasuaji.

Nimerudi kwa miguu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeingia kazini. Duka la vifaa vya ujenzi, Mwanjelwa. Mteja wa kwanza alitaka skrubu za mbao na washa zake. Nimemhudumia. Nikaenda nyuma ya duka kwenye magunia ya saruji, nikakaa hadi bosi akaniita.

Miaka yote hii nauza skrubu, nati, bawaba, komeo. Kila kitu cha kushikilia kitu kingine.

Watu wa kwaya wamekuwa wakipita dukani. Mmoja anasema ni shetani, hataki twende Kalenga. Mwingine anasema Edina kaonewa wivu na madereva wenzake, kuna mkono wa mtu. Nimewasikiliza wote. Hakuna aliyetaja mkanda.

Jumapili, 16 Juni

Leo kwaya imeimba bila vyombo. Baada ya ibada, kikao cha kamati.

Simioni amemwambia mchungaji kwamba anafikiria kwenda polisi. Kwa hiyo kamati imeogopa. Katibu wa kamati alisoma maelezo aliyokwisha kuyaandaa. Yalisema dada Edina alichelewa mwondoko, akainuka nje ya zamu yake, ndipo akakigonga kichwa cha gitaa. Akakigonga! Kama vile gitaa lilikuwa limetulia mahali pake, yeye ndiye kalifuata.

Watu walitikisa vichwa taratibu. Walikuwa wanakubali. Mimi pia kichwa changu kilitaka kutikisika. Niandike ukweli humu: ilikuwa rahisi sana. Ningenyamaza tu.

Nilisimama. Nikasema, "Edina hakuchelewa. Aliinuka pale pale alipofundishwa kuinuka. Mkanda ulichomoka."

Obadia akasema, "Kwa hiyo kosa ni la kwaya?"

"Nasema mkanda ulichomoka, mwalimu. Na ulikuwa unachomoka kila mazoezi. Wote tuliona."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kulia. Mchungaji akayachukua yale maelezo, akayakunja, akayatia mfukoni. Hakusema atayafanyia nini.

Mwisho wa kikao Obadia alitangaza kwamba mimi nipumzike kidogo, kwa sababu nimeguswa sana. Kalenga atapiga Ezra, kijana wa Iyunga, anayepiga kwenye bendi ya harusi. Ezra anapiga vizuri kunizidi. Hilo halina ubishi.

Nimeumia. Halafu nikaona aibu kuumia kwa hilo.

Alhamisi, 20 Juni

Jicho limetolewa. Jana. Tumpe ndiye aliyeniambia, amesikia kwa akina mama waliokwenda kumwona. Uambukizo uliingia, na madaktari waliogopa jicho la pili nalo lisije likaathirika.

Kwa hiyo basi.

Jioni nilipita kanisani. Mazoezi yalikuwa yanaendelea, nikasimama dirishani nje. Ezra alikuwa amevaa besi. Mkanda ule ule. Tyubu ile ile. Anapiga huku anaruka. Na kushoto kwake wamemweka binti mwingine, kama Edina wa pili, anainama na kuinuka.

Nilitaka kuingia nimvue ile besi. Sikuingia. Nimetolewa, nitaonekana mwenye kijicho.

Lakini loki nitazitafuta mimi. Awe Ezra, awe mwingine yeyote. Sijali nani anapiga.

Jumamosi, 22 Juni

Nimezunguka maduka ya vyombo vya muziki mjini. Wengi hawana. Wanauza mikanda, hawauzi cha kuishikia. Duka moja karibu na stendi lilikuwa na pakiti imejaa vumbi. Loki mbili za rangi ya fedha, za aina ya pini. Unabonyeza kichwa cha pini, inaingia kwenye shimo katikati ya kifungo, unaachia, vigololi vidogo vinatoka ubavuni vinang'ang'ania ndani.

Vifungo vya kwenye pakiti havikuwepo. Loki tu. Nilimwuliza muuzaji, vifungo vyetu vina shimo katikati, je, zitaingia? Akasema, "Hizi zinaingiliana zote, kaka. Ni zile zile."

Nimechukua besi stoo. Mama anayetunza kanisa alinipa ufunguo. Nimemwambia naipeleka kutengenezwa, na ni kweli.

Nyumbani nimefunga loki kwenye mkanda, nikabonyeza, nikaachia. Ka! Ikaitika vizuri kabisa. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikatandika godoro sakafuni, nikavaa besi, nikasimama juu ya godoro. Nikavuta. Imeshika. Nikaruka. Imeshika. Tumpe alisimama mlangoni amembeba mtoto.

Nikageuka kwa nguvu, ule mgeuko wa ubeti wa tatu.

Imechomoka. Shingo imekwenda chini vile vile. Imepiga godoro, haikutoa hata sauti.

Tumpe ametoka na mtoto, amefunga mlango. Mimi nimebaki nimesimama. Pini ni nyembamba kuliko shimo, pengine kwa unene wa unywele. Inaitika, lakini haishiki. Ni mbaya kuliko tyubu, maana tyubu angalau unaiona imechoka.

Jumanne, 25 Juni

Edina ameruhusiwa. Nilikwenda kwao na Tumpe. Tumpe alibeba unga na mafuta ya kula. Simioni alitoka, akapokea vitu, akamshukuru Tumpe, akamwambia ingia mama. Kwangu akaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Wewe subiri hapo."

Nikasubiri uani. Bajaji ya Edina ilikuwa imefunikwa turubai, kuku wamelala juu yake. Nilimsikia Edina anaongea ndani, sauti ya kawaida tu, anauliza habari za mtoto wetu. Sauti hiyo ilinimaliza. Ningependa angekuwa analia.

Tumpe alitangulia hadi barabara kuu. Ndipo akasema, "Hataruhusiwa kuendesha abiria tena. Wamemwambia." Halafu, "Anageuza kichwa chote akitaka kumwona mtu wa upande ule."



Ijumaa, 28 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Mtu mmoja wa bendi za harusi amenielekeza kwa fundi wa magitaa Iringa, maeneo ya Mlandege. Kesho naondoka. Obadia ameambiwa tu na mama wa stoo kwamba besi inatengenezwa, hajui naipeleka Iringa. Akijua atasema nimeiba chombo cha kwaya.

Tumpe anasema ni wazimu kusafiri na besi mpaka Iringa kwa ajili ya vichuma viwili. Nimemwambia ndiyo, ni wazimu.

Jumamosi, 29 Juni

Iringa. Naandikia gesti, chumba kina baridi kuliko nje.

Basi lilisimama Chimala. Wauza mchele wakaja madirishani. Mama mmoja akaliona begi la gitaa, akasema, "Baba, tuimbie!" Nikamwambia limeharibika. Akanipa pole ya kweli, kama ya msiba.

Fundi anaitwa Donati. Ana kama miaka hamsini, ana kikohozi, anatengeneza redio, spika na magitaa kwenye kibanda kimoja. Nilimsalimia "kamwene" kwa Kihehe changu cha kuombea maji, akaitikia bila kuinua uso. Nikampa besi na zile loki za pakiti. Alizigeuza mara moja tu, akaziweka pembeni.

"Nani kakudanganya hizi zinaingia hapa?"

"Muuzaji. Alisema zinaingiliana zote."

"Haziingiliani. Kifungo na loki yake ni pacha. Ukimletea mtoto wa mama mwingine ataitika tu, lakini si ndugu." Akakohoa. Kisha akaona kifunguo kilichopinda kwenye kichwa cha gitaa. Akakigusa. "Kaumia nani?"

"Mwenzangu. Wa kwaya."

"Wapi?"

Nikagusa jicho langu. "Mnakujaga hapa watu wakishaumia," akasema. "Kabla, hamna anayekuja."

Nilistahili. Hakulisema kwa ukali, alikuwa amechoka tu.

Alikuwa na seti mbili kamili, vifungo na loki zake, alizozitoa kwenye magitaa yaliyovunjika shingo. Akaziweka mezani, akaniambia nichague, lakini nisikilize kwanza. Ya kwanza ni ya pini, kama ile ya pakiti ila hii ina vifungo vyake. Ni nyepesi, haipigi kelele. Ila ikishindwa imeshindwa, gitaa liko chini. Ya pili ina kikombe cha chuma kilichoachwa wazi upande mmoja. Kikombe kinakumbatia kifungo kwa chini, halafu ndiyo pini inafunga. Hata pini ikikataa, kikombe bado kimebeba, mradi uwe umekifunga mdomo wake ukitazama juu. Ukikigeuza, umejiua.

Nikauliza ubaya wake. Nilitaka kujua ubaya kuliko uzuri.

"Nati," akasema. "Inafungwa kwenye mkanda kwa nati. Nati hulegea kwa kutikisika. Kila kabla ya kupiga uishike kwa vidole. Ukisahau, usije kuniambia habari zako."

Nimechagua ya kikombe.

Kumbe haikuwa mwisho. Mkanda wetu ni wa ngozi nene, hesi ya loki, pale nati inapozungukia, haikutokeza upande wa pili, nati isingepata pa kushika. Tukatafuta mkanda mwingine wa kufumwa, wenye ngozi nyembamba kwenye ncha. Halafu alipokitoa kifungo cha mbele, skrubu ilitoka kwa vidole. Haikuhitaji hata bisibisi. Shimo la skrubu kwenye ubao limeliwa. Ndani mna njiti moja ya kiberiti, mtu wa zamani aliichomeka humo bila gundi.

Kwa hiyo hata kama mkanda usingechomoka, kifungo chenyewe kingeng'oka siku moja.

Amejaza shimo kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi. Amesema ikauke hadi kesho. Ndiyo maana niko gesti.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu nioe.

Donati alifungua kibanda baada ya misa yake. Alitoboa upya, akafunga skrubu ndefu zaidi, akafunga vifungo, akaweka loki, akakaza nati, akaongeza nati ya pili juu yake. Akanivalisha besi kama mtu anayemvalisha mtoto sare. Akashika mkanda kwa mikono miwili, akaning'inia kwa uzito wake wote. Nikayumba. Besi haikwenda popote.

"Geuka," akasema. Nikageuka. "Tena." Nikageuka tena na tena, watu wa soko la karibu wananitazama. Imeshika.

Sikufurahi. Nilifikiri ningefurahi. Nilikuwa nawaza tu jinsi kitu chenyewe kilivyo kidogo. Kinaenea kiganjani, na nafasi inabaki.

Alhamisi, 4 Julai

Nimerudisha besi mazoezini mikononi mwangu, mbele ya wote. Obadia alifoka. Nani alikuruhusu? Ungepata ajali nayo njiani? Nikamwacha amalize. Nikamwomba Ezra avae.

Ezra alivaa, akaruka, akageuka. Akasema, "Duh, hii imetulia." Nikamwonyesha nati. Nikamweleza aishike kila kabla ya kupiga, kila mara, hata kama ni wimbo mmoja. Akasema sawa bro. Akaanza kupiga. Hakuishika.

Obadia alivuta mkanda mwenyewe pembeni alipodhani sioni. Alivuta kwa nguvu. Halafu akakaa chini akajifuta uso kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona hivyo. Nadhani naye halali usiku.

Jumapili, 7 Julai

Edina amekuja ibadani. Pamba na plasta nyeupe. Alikaa benchi la nyuma na Simioni. Kanisa zima lilikuwa linatazama mbele kwa nguvu, kama watu waliokatazwa kugeuka. Mchungaji alipotangaza shukrani za Edina, alisema pia mbele ya watu wote kwamba dada yetu hakufanya kosa lolote, vifaa vyetu ndivyo vilivyokuwa vibovu, na kanisa limekwenda kwa familia kuomba radhi. Simioni aliinamisha kichwa. Polisi hakwenda. Sijui kama atakwenda. Ni haki yake.

Sikumfuata Edina. Naogopa uso wake. Hiyo ndiyo kweli.

Alhamisi, 11 Julai

Sijui niandike vipi ya leo.

Niliitwa mazoezini na Obadia, hakusema sababu. Nilipofika, Edina alikuwa amesimama mbele ya kwaya na kofia ya sufu imeshushwa upande. Amesema anakwenda Kalenga. Kaufanyia wimbo mazoezi, kauli yake ni hiyo. Obadia kwa upole akamwambia tutakuweka mwisho wa mstari, mbali na vyombo, usiwe na wasiwasi.

Edina akauliza, "Besi anapiga nani?"

"Ezra."

"Ezra simtaki."

Ezra akashtuka. Obadia akasema, "Dada, Ezra hana kosa. Na kwa kupiga anamshinda Lusajo, samahani Lusajo."

"Najua anamshinda. Nimemsikiliza Jumapili. Anapiga amefumba macho." Akaivuta kofia yake chini. "Mimi nataka apige anayeogopa."



"Na nisimame kulia kwake," akasema. "Kule kushoto sisimami tena mpaka nife. Kulia nitamwona kwa hili lililobaki."

Wakati wote huo hakunitazama. Huo haukuwa msamaha. Najua msamaha unavyosikika, hakikuwa hicho kitu. Ni mtu aliyepiga hesabu zake akaona palipo salama zaidi.

Ezra alivua besi akanipa. Nikashika nati. Nikaishika mara ya pili. Nimepiga vibaya sana. Nimekosea mara nyingi. Edina aliimba vizuri.



Jumapili, 21 Julai

Kalenga. Kanisa jipya, rangi bado inanuka. Madhabahu ina ngazi za vigae vyeupe, zinang'aa kama maji. Watu wengi, wageni, vijana wa skauti, ng'oma za Kihehe nje.

Kabla hatujaingia, Edina alinifuata nyuma ya kanisa. Jicho la bandia bado hajapata, amevaa miwani nyeusi. Akaushika mkanda pale kwenye loki, akauvuta. Akauvuta tena, safari hii kwa kunikung'uta, nikapiga hatua mbele kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Akauachia. Akaenda kwenye mstari.

Tulipangwa ngazi ya juu. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda. Nilikuwa simwoni mtu, namwona yeye tu kwa pembeni. Ubeti wa tatu waliinama, wakainuka, wakageuka kulia. Kulia kwake. Upande wa giza. Akashusha mguu akidhani pana kigae, na kigae kilikuwa kimekwisha.

Niliachia besi. Mikono yote miwili. Sikufikiri. Nikamshika mkono juu ya kiwiko na bega, nikamvuta kwangu. Besi ikaning'inia tumboni pangu yenyewe, ikavuma sauti moja nzito, ikatulia. Kwaya ikaendelea bila besi. Nadhani wageni walidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Alisimama wima. Nilikuwa bado nimemshika. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, polepole, kidole kwa kidole, kama anavua kitu kilichonasa. Akaendelea kuimba. Nikarudi kwenye nyuzi.

Hakuna aliyenipongeza, na namshukuru Mungu kwa hilo. Singeweza kuvumilia pongezi.

Jumatatu, 22 Julai

Safari ya kurudi. Watu waliimba hadi Makambako kisha wakalala. Edina alikaa dirishani, kichwa ameegemeza kioo upande mbovu. Mara moja nilidhani ananitazama, kumbe amelala.

Simioni alikuwa stendi kumpokea. Bajaji sasa anaiendesha yeye. Anaiendesha vibaya, ameacha gia ikilalamika. Edina alikaa nyuma, akawa anamwelekeza kwa sauti mpaka wakapotea kwenye kona.

Simioni hajanisalimia. Alichukua begi la mkewe tu.

Alhamisi, 25 Julai

Mazoezi. Tumefika wachache, baridi ni kali, asubuhi umande ulikuwa umegeuka barafu kwenye majani ya viazi.

Nati ya mbele ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nimeikaza.

Wakati wa mapumziko akina mama walileta chupa ya chai. Edina alijimiminia mwenyewe. Ana namna mpya: anaweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe, chai ikigusa kidole anaacha. Alipomaliza chake, akavuta kikombe kingine, akamimina, akakisogeza upande wangu wa benchi. Chai nyingine ilikuwa imemwagika kwenye sahani ya chini.

Nilikunywa, nikanywa na ya kwenye sahani.